Maji Yenye Harufu ya Dawa

Mwaka wa themanini na sita, pale Bunda, kijiwe chetu kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe nyuma ya kiwanda cha pamba, jirani kabisa na bomba la mtaa. Mayala alituuzia kahawa chungu, maana sukari ilikuwa imegeuka hadithi. Bwawa lililotupa maji lilikuwa la kijani tangu kiangazi kianze, na dawa ya kuyasafisha, tuliambiwa, imekosa fedha za kigeni za kuiagiza. Bomba likatoa tope, kisha likanyamaza. Watu wakarudi lamboni kunywa pamoja na ng'ombe. Asubuhi moja likafunguka ghafla, maji safi kwa macho lakini yananuka dawa. Bwana maji akaja na baiskeli, akakinga kidogo kwenye kichupa cha kupimia, akadondoshea kitu, yakageuka njano. Akatabasamu, akapanda baiskeli kwenda bomba lingine bila kutuambia neno. Kinamama wakabaki na ndoo tupu, wakituangalia sisi wanaume tuamue.

Ngolo ndiye aliyeanza. Tulimwita Injinia kwa kuwa aliwahi kupaka grisi mashine za kiwandani.

— Mmeona yalivyogeuka? Maji mazima hayageukagi rangi. Mimi nilikuwaga na mashine, najua. Ile ni asidi.

— Asidi si ingetoboa bomba? aliuliza Mayala.

— Inatoboa polepole, bwana. Haraka haraka haina baraka.

Mama Getruda, peke yake aliyekuwa amekwisha kujaza ndoo, akaimwaga yote chini.

Jamaa mwingine, jina lake Kwangu, akasogea mbele ya ubao. Huyu tulimwita Redio. Ya kwake ilipoishiwa betri, alitangaza mwenyewe.

— Siyo asidi. Haya ni masharti ya Aiemefu. Wametoa mkopo, wamesema tupunguze kuzaana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sasa hawa wameficha dawa ndani ya maji, nani atazaa?

— Redio, nilimwambia, wewe si una watoto kumi na mmoja?

— Ndiyo maana wameanzia mtaa huu!

Tukacheka, isipokuwa Luhende. Yeye alikuwa anainuka, anakaa, anainuka tena. Mwanae Pastory, ambaye hata kutembea hajakomaa, alikuwa anahara tangu juzi.

— Zahanati wamesema tumnyweshe maji ya chumvi na sukari kila mara, alisema. Sukari nimeazima. Niambieni tu, nikinge au nisikinge? Bomba hili linaweza kufungwa sasa hivi.

— Unataka kumuua? Usikinge, alisema Injinia.

— Nenda lamboni, alisema Redio. Yale tumeyazoea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Haya hapa kuna mtu ameyaonja? niliuliza.

— Mimi nakunywaga kahawa tu, alijibu Injinia.

Luhende akakaa. Akainuka.

Hapo ndipo akaja mwanamke tusiyemjua, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Baadaye tulisikia anaitwa Esta, ametoka Suguti, amepanga chumba kwa Mama Getruda.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akapita moja kwa moja, akatega ndoo, akafungua koki.

— We mama! Hayo yana dawa! Injinia alipiga kelele.

— Nasikia harufu.

— Watoto wanahara mtaa mzima!

Aligeuka, mkono bado uko kwenye koki.

— Poleni sana. Wameanza lini?

— Wa kwangu tangu juzi, alisema Luhende. Wengine wiki iliyopita.

— Na hii dawa imekuja lini?

Ilikuwa imekuja asubuhi ileile. Injinia alisema swali hilo linahitaji wataalamu.

Luhende alikuwa ameshaondoka kwenye ubao. Akapora ndoo ya Mama Getruda, akakimbilia bombani, kinamama wakajazana nyuma yake. Esta akavuta ndoo yake iliyojaa kumpisha. Bomba likakohoa, likatema upepo, likakauka. Luhende akazungusha koki huku na huku. Akalipiga kwa kiganja. Hakuna.

Akabaki ameinama pale, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Dada, naomba kidogo. Ya mtoto.

Esta akaiangalia ndoo yake, akawaangalia wale wanawake wote. Wa kwake mgongoni akaanza kulia. Mayala akaleta jagi, na Esta akalijaza mpaka juu.

— Yachemshe hata hivyo, kaka. Yakipoa, mpe kidogo kidogo.

Luhende akaenda karibu kukimbia, kiganja kimefunika mdomo wa jagi. Injinia akamwita, angoje kwanza watu wamalize kulijadili jambo hilo. Hakugeuka.

Jioni alirudi. Alisema mtoto amekojoa, mara ya kwanza tangu jana. Tukasogea, akapata mahali pa kukaa.