Mama Geti na Wapiga Kura wa Yadi

Tarehe 30 Juni, saa za kazi zitakapokwisha, mwandikishaji wetu mwandamizi wa wapiga kura atarudisha funguo za kabati, mhuri na kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika ofisi hii. Kiti ni cha ofisi, mto ni wake. Tumeshabishana kuhusu hilo na ameshinda.

Tarehe hiyo hiyo ndiyo mwisho wa uhakiki wa daftari la wapiga kura. Wenzangu wa ofisini wanajua kwa nini nalitaja jambo hili mapema namna hii, katika karatasi ambayo ingetakiwa kuwa ya pongezi tu. Wageni wetu wa leo nitawaeleza. Kuna watu katika wilaya hii ambao nyumba zao zina magurudumu, na haki yao ya kupiga kura imekalia saini ya mama huyu. Aliyesaini lazima awe bado mtumishi daftari linapofungwa usiku wa siku hiyo; saini ya mstaafu haihesabiki. Siku hiyo ikipita bila mtumishi mwingine kusaini, wote wanafutwa, na mpaka hivi karibuni hakuna aliyekuwa amekubali kusaini.

Lakini tuanze na yeye. Aliingia hapa akiwa msichana mwembamba, mwenye sketi ya kaki na mwandiko mzuri kuliko wa bosi, jambo ambalo bosi wa wakati ule hakulipenda. Picha ipo, yeye anadai ni ya mdogo wake. Alianza kwa kuandika kadi kwa mkono, akapanda kuwa karani wa kata, akahamishwa mara mbili na kurudishwa mara mbili, kwa sababu kila alikopelekwa walilalamika kuwa ana maswali mengi, na kila alikotoka kazi ililala. Kompyuta zilipokuja, alikaa kwenye mafunzo na vijana wa umri wa mwanawe, akatoka na cheti na tabia ya kuigombeza mashine kama mtoto mkaidi. Mgombea ubunge mmoja alipotaka kuhudumiwa bila kupanga foleni, alimpa kiti, akampa gazeti, na akamhudumia zamu yake ilipofika. Gazeti lilikuwa la mwezi uliopita.

Jina la Mama Geti hakupewa na sisi. Nyuma ya soko kuna yadi ya malori, uwanja wa vumbi na mafuta machafu uliozungushiwa mabati, wenye geti moja la chuma. Humo hupumzika madereva wa masafa marefu, wengine na wake zao. Wachimbaji wa visima wanaohama na mitambo yao. Na familia moja inayozungusha bembea za watoto mji hadi mji. Hawana nyumba mahali pengine. Kitanda kiko nyuma ya usukani, jiko liko chini ya bodi, na mtoto anajifunza kutembea lori likisimama. Mwandikishaji wetu aliweka meza yake getini, kwa kuwa mwenye yadi hakutaka watu wa serikali wapite ndani. Enzi hizo walimwita Dada wa Geti. Akaolewa, akazaa, akawa Mama Geti. Watoto waliokuwa wakichezea kalamu zake sasa wanaendesha malori, na watoto wa hao wanamwita Bibi Geti, naye anajifanya hasikii.

Kabla yake watu hawa walikuwa wakipigwa danadana. Sheria inataka mpiga kura awe na makazi. Wakija hapa, tuliwaambia waende wanakotoka. Wakienda huko, waliambiwa warudi wanakokaa. Diwani anayeamua kama yadi itapata maji au itafungwa alichaguliwa na kila mtu katika kata isipokuwa wao.

Mama Geti hakuivunja sheria. Aliisoma upya, akaona kwamba haisemi popote kuwa makazi lazima yawe na kuta. Inasema mahali ambapo mtu hurejea. Basi akaacha kuuliza "Unaishi wapi?", kwa sababu mtu wa barabarani hulijibu swali hilo vibaya bila kukusudia: anakutajia alipolala jana. Yeye aliuliza, "Lori likikuharibikia porini, unampigia nani?" Aliyesema anampigia fundi wa yadi alipelekwa kwa fundi huyo, na kama fundi alimjua yeye, mkewe na ugonjwa wa giaboksi yake, aliandikishwa. Aliyebabaika alirudishwa kwa heshima. Wengi walirudishwa, na hilo watu husahau kulisema.

Ukaja uchaguzi wa udiwani ambao kila upande uliamini utashinda kwa kura chache. Mwenye duka la mabati, ambaye duka lake linatazamana na geti la yadi, aliweka pingamizi: majina yote ya yadi ni ya wapiga kura hewa, na aliyeyaingiza ni mtumishi wa umma aliyenunuliwa. Pingamizi lingekubaliwa, majina yangefutwa yote kwa mkupuo na Mama Geti angepelekwa mahakamani. Simsemi vibaya mwenye duka. Barabara ikiharibika, vumbi ni lake mwaka mzima, na hakuona haki ya wapita njia kumchagulia diwani. Alikuwa na hoja, na ndicho kilichotutia hofu.

Wachunguzi walichukua mhuri wake na kompyuta yake. Aliendelea kuja kazini, akafuta vumbi kwenye meza isiyo na kitu, akakaa. Watu waliacha kunywa chai upande wetu wa chumba. Simu ikilia, tulitazamana. Bosi alipita akiusalimia ukuta. Mumewe alikuwa ameshafariki, mtoto wa mwisho alikuwa bado shuleni, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya ofisi, kwa hiyo kufukuzwa kazi kulimaanisha kutolewa na vyombo nje. Mara moja tu nilimwona akimwaga chai nje ya kikombe, akalilaumu birika.

Shauri lilisikilizwa na kamati ya pingamizi katika ukumbi wa halmashauri, wenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka na kulia bila kuleta upepo. Yeye, kama mtuhumiwa, hakuruhusiwa kusema mpaka mashahidi wamalize. Shahidi wa kwanza wa yadi alikuwa dereva anayeitwa Mzee Breki, mtu mkweli kupita kiasi. Mwenye duka alisimama, akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, unaishi wapi?" Mzee Breki akavua kofia. "Jana nililala kwenye mizani ya malori, mheshimiwa." Na juzi? "Juzi nilikuwa mpakani." Na kesho, Mungu akipenda? "Kesho nina mzigo wa saruji, nitalala njiani." Mwenye duka alishukuru, akakaa. Mwenyekiti wa kamati aliandika kitu kirefu. Mama Geti aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaambia wote waseme ukweli, na huyu alikuwa ameusema.

Akafuata mke wa Mzee Breki, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alipoulizwa anaishi wapi, alimnyooshea mumewe kidole: "Naishi na huyu." Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho kilituumiza zaidi ya pingamizi lenyewe. Niliona kabisa kwamba tumekwisha. Hapo mwenye duka, ambaye angeweza kukaa kimya na kushinda, akaongeza swali ambalo hakulihitaji. Alisema, "Kwa hiyo, mama, siku huyu akikufukuza kwenye lori lake, huna pa kwenda."

Mama yule alimtazama kwanza. "Lori si lake, tumenunua wote," alisema. "Na hanifukuzi. Mimi ndiye ninayeshuka. Lakini sishuki ovyo. Akiniudhi mpakani, nanyamaza. Akiniudhi mizani, nanyamaza. Nasubiri tufike yadi, ndiyo nachukua mkoba wangu naenda kwa mke wa fundi, nakaa huko mpaka aje kuniomba radhi, na yadi nzima inamwona anavyokuja. Sasa wewe baba niambie, nitanuna vipi mahali ambapo hakuna anayenijua?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akamuuliza kama kuna mtu wa kuthibitisha. Mke wa fundi aliinuka kutoka viti vya nyuma na kusema, kwa uchungu kidogo, kwamba mara ya mwisho mgeni wake alikaa wiki nzima na kumaliza sabuni. Mzee Breki, bila kuulizwa na yeyote, alisema, "Ni kweli, na mwenye kosa nilikuwa mimi."

Pingamizi lilitupwa jioni ile. Uamuzi rasmi unazungumzia uhusiano wa kudumu kati ya mtu na jamii inayomfahamu, lakini sisi tuliokuwepo tunajua walichokisikia. Mwenye duka alikwenda kumpa mkono mke wa Mzee Breki, na hadi leo wanasalimiana, ingawa mama yule bado anamwita "yule wakili."

Hata hivyo kamati iliweka sharti. Kila uhakiki, mtumishi mmoja wa ofisi hii aende yadini kwa miguu yake, amwone kila aliyeandikishwa, kisha asaini tamko moja la kiapo kwa yadi nzima, kwa jina lake mwenyewe. Likipatikana humo jina moja la uongo, anayeshtakiwa ni yeye, si ofisi. Hakuna kusainia nusu. Mama Geti alisaini wiki ile ile, mkono ukiwa umetulia, na amesaini kila uhakiki tangu hapo.

Mwaka huu wote tumekuwa tukimkwepa macho. Bosi alipouliza kikaoni nani atachukua jukumu la yadi, sote tuliipenda dari ghafla. Mmoja ana mkopo wa nyumba, mwingine ana mtoto chuoni, na mimi nina woga, ambao hauna cheti cha daktari lakini unauma. Tulikuwa tumeona alivyofuta vumbi meza tupu. Yeye hakumwomba mtu. Aliendelea kutufundisha kazi nyingine zote, moja baada ya nyingine, na ile moja akairuka kila mara kana kwamba haipo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa dawatini nikihudumia foleni. Nikasema "Anayefuata" bila kuinua kichwa, na aliyeketi mbele yangu alikuwa yeye, kashika namba ya foleni kama mwananchi yeyote. Alikuja kuhamisha taarifa zake. Akistaafu anakabidhi nyumba ya ofisi, na anwani ile haitakuwa yake tena. Nikamuuliza, kama tunavyotakiwa, ataishi wapi. Akasema atakaa kwa binti yake mkubwa mpaka mjukuu aanze shule, halafu kwa mwanawe wa kiume aliye mji mwingine, halafu kwa mdogo wao, kisha ataanza mzunguko upya, maana hataki mkwe yeyote amchoke. Aliyasema hayo kwa furaha. Mama aliyeandikisha nusu ya wilaya hii alikuwa ameketi mbele yangu bila makazi.

Nikamuuliza, kati ya safari hizo, atakuwa akirejea wapi. Akajibu kwamba ameshapeleka cherehani yake kwa mke wa fundi, yadini.

Sijui kama ulikuwa mtego. Hakunikonyeza, hakutabasamu, hakutaja jina la mtu mwingine yeyote. Alinitazama kama anavyomtazama karani anayechelewesha foleni. Nami nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kuwa siwezi kumsainia peke yake.

Nilianza kwenda yadini kesho yake, na nikaenda tena na tena, kila malori yaliporudi. Siku ya kwanza mke wa Mzee Breki alinizuia getini na kuniuliza, "Umekuja kutufuta?" Nikamwomba anipitishe kwa kila mtu. Alinipitisha, na kila tulipofika alinitambulisha kwa jina moja: "Huyu wa ofisini, bado hajaamua." Niliwaona wachimbaji wa visima, niliwaona wa bembea. Wawili sikuwapata, na fundi hakuwafahamu tena, nikawaondoa kwa mkono wangu, na haikuwa rahisi, kwa sababu wao pia ni watu. Cherehani niliiona. Iko pembeni ya matairi, imefunikwa shuka, na mke wa fundi ameshaanza kuitumia.

Mama Geti, kwa niaba ya ofisi yote, asante kwa miaka uliyotupa, kwa maswali yako mengi, kwa kazi ulizotufundisha na kwa ile moja uliyoiacha tuione wenyewe. Nenda ukalee wajukuu, ukale kwa wakwe na kuhama kabla hawajakuchoka. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na barabara nzuri. Tamko la yadi nimelisaini jana, kwa kiapo na kwa jina langu. Nilianza na jina lako, na kwa kuwa hakuna kusainia nusu, wote niliowaona wamebaki. Siku ya uchaguzi, popote utakapokuwa, rudi nyumbani upige kura.