Mkanda wa Kola Uliofichwa Ndani ya Hotuba

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwimbaji aliyeitwa Kola, na tunamkumbuka mbele ya dada yake, kwa sababu amekataa kutusikiliza akiwa nyumbani. Yumo humu studio, amepakata boksi la mkanda. Tumemwomba aliweke mezani. Amesema, "Meza ni yenu. Boksi ni langu." Hatumlaumu. Mkishasikia kisa chote, na nyinyi mtashika vyenu vizuri.

Kola alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane. Vijana hawamjui. Wenye mvi wanayakumbuka mashati yake, kola pana kama mabawa ya bata. Yalishonwa na huyu huyu dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kola alikulia chini ya meza ya cherehani, akiimba kwa kufuata mdundo wa kanyagio. "Nikisimama kukata uzi, naye ananyamaza," anasema dada. "Nikianza, anaanza. Nilidhani ananitania."

Sauti ilikuwa safi. Safi mno. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Jumamosi moja alasiri, mwaka themanini na sita, Kola aliimba katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa reli. Redio hii ilimtuma fundi mitambo wake, rafiki wa Kola, akarekodi onyesho zima. Shikeni hilo, wasikilizaji: onyesho zima, katika mkanda mmoja. Dada mtu alikaa safu ya mbele na sindano yenye uzi imechomekwa begani, maana kifungo cha shati la Kola kilikuwa kimelegea na hakutaka aibu.

Wiki mbili hazikupita, maneno yakaanza. Kola haimbi, anapiga pleibeki. Anafungulia kanda nyuma ya pazia, kisha anachezesha midomo. Sauti ya binadamu, wakasema, haiwezi kutoka safi hivyo mbele ya watu.

Nani aliyaanzisha? Hatujui. Tunachojua ni kwamba mkuu wa vipindi wa wakati ule alikuwa na shemeji mwenye bendi. Tunachojua ni kwamba nafasi ya Kola hewani, Jumamosi saa nane mchana, ilipewa bendi ya shemeji kabla mwezi haujaisha. Hatumtuhumu mtu. Tunasoma ratiba za zamani tu, na ratiba zipo, na wino wake bado unasomeka.

Kumbi zikamfungia. Mwenye ukumbi mmoja alimwambia, "Kola, kaka yangu, watu watanicheka. Watasema nimewaletea mtu wa kufungua na kufunga mdomo." Mtaani watoto walimpita wakichezesha midomo kimya kimya, kisha wanakimbia.

Alibaki na shahidi mmoja: ule mkanda. Ungepigwa hewani, kila mwenye masikio angejua. Akavaa shati lake bora, akaja hapa kituoni kuuomba. Fundi mitambo alimpokea mlangoni.

"Umefutwa," fundi akasema, macho chini.

Nyuma yake alisimama mkuu wa vipindi, mikono mfukoni.

Kola akarudi nyumbani, akamweleza dada yake kwa neno hilo hilo moja. Kisha akatafuta kazi katika duka la rangi, akachanganya rangi za kuta za watu kwa miaka thelathini. Hakuimba tena. Hata bafuni hakuimba. Dada alikuwa akisimama nje ya mlango wa bafu kusikiliza, anasikia maji tu.

Wiki ile ile, fundi mitambo alihamishiwa kwenye mnara wa kurushia matangazo, mbali, juu ya mlima. Alipopata likizo ya kwanza alikwenda nyumbani kwa Kola. Aliyefungua mlango ni dada.

"Shikamoo dada. Kola yupo?"

"Umekuja kufuta nini kingine?"

Akaufunga. Kola akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?"

"Muuza mafagio."

Fundi alirudi mwaka uliofuata. Akarudi tena baada ya miaka sita. Mara tatu, wasikilizaji. Na mara zote tatu, kwa Kola, alikuwa muuza mafagio.

Wiki tatu zilizopita, msibani, dada alimwona mzee amesimama nyuma ya watu wote, kofia mkononi. Akamjua: ni yule fundi mitambo. Akamfuata ili amwondoe. Mzee akawahi kusema, "Dada, nenda redioni. Tafuta hotuba ya kufungua kiwanda cha sabuni."

Dada akaona ama mzee huyu amechanganyikiwa, ama anamdhihaki juu ya maiti ya ndugu yake. Lakini maneno yalimganda. Siku ya nne baada ya mazishi akaja hapa. Mtunza ghala akamwambia, "Mama, hotuba haziazimwi."

"Siazimi. Nataka kusikiliza."

"Nani anasikiliza hotuba?"

Akakaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili, akipinda suruali za wateja wake. Siku ya tatu tukaona aibu, tukafungua ghala.

Boksi la hotuba hiyo lilikuwepo, lina lebo nyekundu. Tukaweka mkanda mashineni. Ikatoka sauti nzito ya mheshimiwa: "Ndugu wananchi, sabuni ni silaha." Dada akasimama, akachukua mkoba. "Nilijua. Nimeletwa hapa kunawishwa."

Hakufika mlangoni. Dakika moja ilipotimia, mheshimiwa alikatika katikati ya neno, na ukumbi mzima ukaingia studio. Viti, miluzi, gitaa linalowekwa sawa. Kisha Kola.

Tulimpigia simu fundi mitambo. Akaeleza polepole, kama mtu aliyelizoea jambo hili peke yake. Siku zile mikanda ilikuwa michache. Kila mwisho wa mwezi muziki ulifutwa ili mkanda utumike tena. Hotuba za wakubwa zilipigwa lebo nyekundu, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. "Niliagizwa nifute mkanda wa Kola kwanza, kabla ya mingine yote," alisema. "Nikautia ndani ya boksi la hotuba. Dakika moja ya mheshimiwa nikaiunga mwanzoni, endapo mtu atakagua. Hotuba yenyewe nikaifuta. Mpaka leo, hakuna hata mmoja aliyeuliza iko wapi."

Sasa sikilizeni. Katika wimbo wa pili, Kola anaimba ubeti wa kwanza, kisha anasimama ghafla. Anasema, "Ngoja, ngoja. Mpiga ngoma, unawahi wapi? Nyumbani kuna moto?" Ukumbi unacheka. Mpiga ngoma anajibu kitu, hakisikiki. Kola anahesabu hadi nne, anaanza upya. Kanda ya nyuma ya pazia haisimami kumkemea mpiga ngoma, wasikilizaji wapendwa. Haisubiri ukumbi ucheke.

Dada aliomba kipande hicho kirudishwe mara tano. Hakulia. Mara ya tano akasema, "Mtakapomtaja mkuu wa vipindi, nitajeni na mimi. Yeye alimnyang'anya jukwaa. Mimi nilimnyang'anya habari. Angeyajua haya akiwa hai kama ningefungua mlango." Tukamwambia si lazima. "Ni lazima. Msinifiche kama mlivyomficha Kola."

Tumekutaja, mama. Na kituo hiki tumekitaja.

Kwako wewe, na kwa wanao waliomwita Kola mjomba, tunatoa pole na kuomba radhi. Radhi hii imechelewa karibu miaka arobaini na haiondoi deni letu la aibu. Nanyi mlioko majumbani, jiulizeni jambo moja kabla ya kulala leo. Lile baya unaloliamini juu ya mtu fulani, ulilisikia kwa sikio lako, au uliletewa? Aliyekuletea alikuwa anataka kukaa kwenye kiti cha nani?

Tunaanza wimbo wa pili. Dada amekubali kuutoa mkanda kwenye boksi, na ameuweka mashineni kwa mkono wake. Ukisikia sauti imekatika katikati ya ubeti, usiipige redio yako. Haijaharibika. Ni mtu anaimba.