Kiganja Juu ya Injini

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkunga wa zahanati yetu. Mwanamke mfupi, aliyewafuata wajawazito milimani kwa pikipiki. Walimwita Bi Hakika, maana hakuamini kitu mpaka akishike.

Aliyetusimulia ni mdogo wake, fundi seremala.

Siku ya kununua hiyo pikipiki walikwenda wawili. Mkunga alitaka ya lami na ya porini, tairi zenye meno, tumbo lililoinuka lisigonge mawe. Muuzaji, mwenye maneno matamu kama asali, akawaonyesha moja kubwa, nyekundu, inang'aa.

"Dada, hii ndiyo yenyewe!" seremala akasema.

Dada mtu akaweka kiganja juu ya injini.

"Mbona ina moto? Nani kaiwasha?"

"Jua tu hilo, mama."

"Jua gani lililoingia humu dukani?"

Wasikilizaji, injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hupashwa moto kabla mteja hajafika. Mkunga alilijua hilo. Akamkazia macho mdogo wake.

"Na wewe, ni ndugu yangu au dalali wake?"

Seremala akakosa pa kuficha uso. Dalali hakuwa. Ila yeye ndiye aliyempigia muuzaji simu kusema wanakuja.

Kesho yake walifika bila taarifa. Ile nyekundu ilikuwa baridi. Muuzaji akapiga kiki mpaka shati likalowa. Wapi! Pembeni kulikuwa na nyingine, nyembamba, rangi imechubuka. Mkunga akaigusa: baridi. Kiki moja, ikawaka. Alipoipanda, nyayo zake zilifika chini. Akaizima, akashuka, akailaza sakafuni.

"Mama, unaniharibia mali!"

"Tulia. Nikianguka huko milimani, utakuja kuiinua wewe?"

Akashika usukani, akakaza miguu, akainyanyua peke yake.

"Hii."

Tangu hapo, kila seremala alipopita kwa dada yake, aliigusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, alijua dada karudi salama, akaendelea na safari zake hata bila kubisha hodi.

Wiki iliyopita, adhuhuri, saa ambayo dada huwa ndiyo kwanza ametoka milimani, seremala alipigiwa simu. Moyo wa mkunga ulikuwa umesimama asubuhi ile, akijiandaa kutoka. Seremala hakusadiki. Alimshuku aliyepiga. Alipofika, akawashuku hata majirani waliokuwa wakilia mlangoni.

"Nilijua wamekosea mtu," alituambia. "Nikawapita bila salamu mpaka uani. Nikaweka kiganja."

Ilikuwa baridi. Hapo akaamini.

Poleni sana, wanafamilia. Pole, fundi. Poleni, akina mama wa milimani mliozoea kuusikia mlio ule ukipanda. Na wewe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtu mwenye mashaka, anayeuliza na kukagua mpaka anakuchosha. Leo usimcheke. Muulize ana hofu kwa ajili ya nani. Huenda ni mama asiyemjua, aliyeshikwa na uchungu huko juu, anayesubiri pikipiki iwake.