Homa ya Masalu Mashimba na Maziwa ya Mama Mdogo

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Masalu Yakobo Mashimba, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1979 Mwamapalala, mtoto wa tatu wa mzee Yakobo Mashimba na marehemu Kwandu, na ambaye mama yake alipofariki mwaka 1986 alilelewa na mama yake mdogo, Eufrasia, aliyemwita Mayu, yaani mama.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1987 hadi 1993, sekondari Maswa hadi 1997, kisha stashahada ya maabara Mwanza, na tangu Septemba 2001 alifanya kazi katika kituo cha afya hapa Bariadi, ambako aliwafundisha wanafunzi kwamba vijidudu vya taifodi huogelea kwa mikia, na chembe za kinga zikiitambua protini ya mikia hiyo hupiga mwano, yowe la hatari, mwili mzima, kama sisi tunapoibiwa ng'ombe, ndipo homa na uvimbe huanza. "Kijidudu angeuacha mkia nyumbani asingekamatwa," aliwatania, "lakini angeogeleaje?"

Alifunga ndoa na Veronica wa Kalemela tarehe 26 Julai 2003, wakajaliwa Lucy na Thomasi.

Jumanne tarehe 3 Juni 2025 homa ilimwanza, siku moja baada ya kunywa maziwa mgando kwa mama mdogo, na yeye aliyepima watu miaka ishirini na mitatu hakujipima, alinunua vidonge dukani, akavimeza siku tatu, homa ikashuka, akaviacha na kwenda kuchuma pamba. Tarehe 21 alilazwa, tumbo limekakamaa, akafanyiwa upasuaji, utumbo ukakutwa umetoboka, na damu iliyooteshwa maabara ikaonyesha taifodi.

Tunajua yanayosemwa, kwamba maziwa ya mama mdogo ndiyo yaliyomuua. Maziwa ya Jumatatu hayaleti taifodi Jumanne, kwa kuwa vijidudu hivyo hukaa mwilini wiki moja hadi tatu kabla ya homa, na marehemu mwenyewe, kaka zake walipomhoji kitandani, alijibu, "Mayu asiguswe, kosa ni langu, andikeni, msome watu wote wakiwepo." Alifariki Ijumaa tarehe 27 Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliochota maji na kupika, na wafanyakazi wenzake mliojitolea damu. Mayu Eufrasia, uliyekaa peke yako nje ya uzio tangu juzi, familia inakuomba uingie uketi na Veronica, na wakati wa kutia udongo utangulie wewe.

Masalu, mwana wa Kwandu, pumzika kwa amani.