Fundi wa Maabara Aliyeandika Hali ya Hewa

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda alichofanyia kazi baba, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1989 akahitimu stashahada ya maabara. Hisabati ilimtoa jasho, na hakuona haya kusema.

Tangu 1990 alifanya kazi katika maabara ya hospitali, chumba namba saba. Korona ilipoingia, yeye ndiye aliyeandaa sampuli za kusomwa vinasaba vya kirusi. Kando ya kila sampuli aliandika daftarini joto na unyevu wa siku hiyo. Wenzake wakambatiza Kipimajoto. Mumewe, fundi cherehani aliyefunga naye ndoa mwaka 1993, alizoea kumtania mezani, "Tule, au bado unapima hewa?"

Daftari lilimwonyesha jambo. Wagonjwa wa aina moja ya kirusi, walioambukizwa wakati wa baridi kavu, walirudi wakilalamika kusahau. Hakudai amethibitisha, aliomba lichunguzwe. Mkuu wa kitengo akamjibu, "Mama, sisi tunapima virusi. Mawingu waachie watu wa redio." Watu wakacheka, na safu ya hali ya hewa aliyoiongeza kwenye fomu za sampuli ikafutwa.

Baridi iliyofuata akaambukizwa yeye. Kifua kilipona, kichwa hakikupona. Tarehe 3 Februari 2022 alichanganya lebo za sampuli mbili. Aligundua mwenyewe kabla majibu hayajatoka, akaripoti mwenyewe. Wakamwachisha kazi kwa barua iliyosema "uzembe". Kwa kuwa alikuwa akisahau, kila alipoikuta barua ile aliisoma upya na kulia upya, mpaka mumewe akaificha. Hilo linatuuma kuliko kifo chenyewe.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 18 Agosti 2024. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wawili.

Juzi hospitali ilituma watu kutoa pole na kuomba madaftari yake, kwani sasa wanaandaa utafiti kuhusu hali ya hewa, vinasaba vya kirusi na ubongo. Binti yake mkubwa aliwaambia, "Pole zenu tumepokea. Madaftari mtayapata mkileta barua ya kumsafisha mama." Tumearifiwa kwamba leo watakuwepo mazishini, na tunawakaribisha.

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi tunasubiri barua.