Tusajigwe Mwakalobo, Aliyekataa Kuutupa Ukungu (1977–2025)

Marehemu Tusajigwe Mwakalobo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1977 hapa Ndandalo, mtoto wangu wa kwanza. Kyela ni mvua, kila kitu kinaota ukungu, hata viatu vya kanisani. Sisi wengine tunafuta. Yeye alikuwa anaangalia. Aliweka kiporo cha ugali chini ya kitanda, akanionyesha ukungu mweupe uliogeuka kijani, na mwingine uliogeuka mweusi. Nilimchapa. Kesho yake akaweka kiporo kingine.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1991 na sekondari mwaka 1995, akasomea maabara Mbeya, akahitimu Novemba 1999. Waliouliza msichana akasomee kupima choo na mkojo ili iweje wapo hapa leo, nawaona.

Januari 2000 aliajiriwa katika maabara ya hospitali mjini Kyela, akabaki hapo. Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na Gwamaka, mkulima wa kakao wa Katumba Songwe. Kabla ya posa, bwana huyu alikuwa akileta punje zenye ukungu apimiwe. Kyela nzima hapakuwa na kakao iliyooza kama yake mwaka ule.

Mei 2014, wakati wa mavuno, suke la mpunga lilimchoma jichoni jirani yao, Nsajigwa. Lilikuwa jicho lake la pekee, maana lingine lilikufa utotoni. Dawa hazikusaidia, na daktari alisema kwa uchungu kwamba likizidi kuoza litatolewa. Tusajigwe alichukua uchafu wa kidonda, akaupanda kwa mistari kwenye kisahani cha maabara. Pakaota kitu cheupe kama pamba. Mwenzake Jubilate akamwambia atupe, huo ni ukungu wa hewani tu, Kyela hata mkate unaota.

"Dada Jubilate," Tusajigwe akasema, "mahindi yakiota kwenye mstari, utasema yamepandwa na upepo?"

Kweli, ukungu ulifuata mistari tu, pembeni palikuwa safi. Umetoka jichoni huo. Akagoma kuutupa, akauacha ukue mpaka ukaingia rangi ya zambarau. Kwenye hadubini akaona mbegu zake zimepinda kama ndizi, ndani zimegawanyika vyumba vyumba. Ni kuvu ya mashambani, na dawa alizokuwa anapewa Nsajigwa haziui kuvu. Daktari alikuja akaangalia mwenyewe, akaagiza dawa ya kuvu kutoka Mbeya siku hiyohiyo. Jicho halikutolewa.

Mwaka 2023 Tusajigwe aligundulika na saratani ya titi. Hata akiwa wodini Mbeya aliwasumbua wapimaji mpaka wakamruhusu aangalie kipimo chake mwenyewe. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mume, Gwamaka. Watoto wawili, Anyitike na Amon. Na mimi mama yake, Tulinagwe.

Wazee walitaka wasifu huu usomwe na mtu wa ukoo, kama ilivyo desturi. Nimekataa. Maneno ni yangu, na anayewasomea ni Nsajigwa. Mtazameni. Jicho lina kovu, miwani hana.

Ndaga fijo, asante sana, Tusajigwe. Pumzika, mwanangu. Jicho ulilolipigania linakusoma.