Mikono Baridi ya Bibi Barafu

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, fundi mkuu wa maabara ya seli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake limo kwenye faili la utumishi, lakini ukilitaja getini hutapata msaada mpaka useme Bibi Barafu.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa tatu fundi wa wakati huo aliugua, naye akaombwa ashike nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Ndoo yake ya barafu imepita kwenye korido ile mara nyingi kiasi kwamba mlinzi huitambua kwa mlio. Mumewe hulalamika kuwa nyumbani kwake hakuna ruhusa ya kuugua, maana ukipimwa homa kwa kiganja cha mkewe unapona kwa mshtuko. Wajukuu wakimwona ananyoosha mkono, huficha shingo.

Seli anazotunza ni za hamira, hiyohiyo ya kuumulia unga. Hamira ni kitu hai, na ina namna yake ya kupokea taabu. Ndani ya kila seli imo protini inayokaa imetulia. Joto likizidi, protini hiyo hubandikwa alama ndogo za fosfeti, nayo huwasha jeni zinazoita mafundi wa kukarabati seli. Hatari ikipita, alama hubanduliwa na jeni huzimwa. Maabara yetu imetumia miaka minne kutafuta ni alama ipi inayoamua seli ipone au ife. Kwenye filamu ya picha tunayozipiga protini hizo, protini yenye alama huonekana kama mstari uliopanda. Isiyo na alama, mstari wake hukaa chini. Bibi Barafu huusoma mstari huo kabla filamu haijakauka.

Mimi niliwekwa chini yake mwezi wa kwanza, baada ya kumaliza shule, ili nijifunze kazi yake. Sikuuliza maswali mengi kwa sababu naogopa kuuliza. Nilimtazama tu na kuiga kila kitu: anavyokunja mikono ya koti, anavyohesabu sekunde kwa kugonga mguu, anavyobeba mirija ya seli zisizopashwa joto akiwa ameifumbata kiganjani, kutoka kwenye kabati la kukuzia seli hadi mezani.

Mwezi wa tano niliachiwa jaribio zima. Seli zilizopashwa joto zilipandisha mstari, kama ilivyotakiwa. Zile ambazo hazikupashwa nazo zikapandisha. Jaribio la pili likawa vivyo hivyo. Huwezi kujua jua limefanya nini ikiwa hata waliokaa kivulini wanatoka jasho. Mkuu wa maabara akasema jaribio la tatu ndilo la mwisho. Likiharibika, utafiti unafungwa na kabati linapewa kikundi kingine. Katika mazoezi ya jaribio hilo niliifumbata mirija kwa nguvu zaidi, isije ikanidondoka.

Bibi Barafu alikagua maji, dawa na vipimajoto vyote. Hakuona kitu. Wiki iliyopita alinishika mkono ili anitulize, kisha hakuuachia.

“Mwanangu, una homa?”

“Hapana, Bibi. Ndivyo mikono yangu ilivyo.”

Akaitazama mikono yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti. Miaka yote ameibeba mirija ile kiganjani bila madhara, kwa sababu viganja vyake vimetoka kwenye barafu. Vyangu vina joto la kutosha kuzishtua seli zilizozoea nyuzi ishirini na tano. Nilikuwa nazichoma kwa kuzihofia.

Angeweza kunyamaza, lawama zikabaki kwangu. Alikwenda ofisini kwa Mkuu, mlango ukiwa wazi.

“Bibi, unastaafu wiki ijayo,” Mkuu alimwambia. “Kwa nini ujichafulie faili?”

“Binti huyu hakukosea. Amenifuata mimi mpaka ndani ya kosa. Nimemfundisha mkono wangu, nikadhani nimemfundisha kazi.”

Kisha akafungua daftari la maelekezo na kuandika, kwenye ukurasa wa kwanza, kwamba mirija ibebwe kwenye kishikio cha mbao, isifumbatwe na mtu yeyote. Akatia tarehe na saini. Kishikio alikitafuta mwenyewe stoo, akakiosha kama alivyoosha vyombo mwaka wake wa kwanza.

Jaribio la tatu ni Jumatatu. Nilimwomba abaki siku moja zaidi. Akacheka. “Nikiwepo utanitazama mimi. Zitazame seli, mwanangu.”

Kwa niaba ya maabara, kuanzia kwa Mkuu hadi kwa mlinzi anayeujua mlio wa ndoo, tunakushukuru, Bibi, kwa miaka uliyotupa na kwa ukurasa ulioandika mwishoni. Jumatatu mstari wa seli zisizopashwa ukikaa chini nitakupigia simu. Ukipanda nitakupigia pia, ila nitachelewa kidogo nikitafuta sauti.

Nenda na heri, Bibi Barafu. Mikono yako sasa ipate joto.